Mtoto Apewe Kipande cha Kazi

Mzazi wa mjini akipanga kumtoa mtoto mwishoni mwa wiki, swali linalomjia kwanza ni la mahali: twende wapi? Mimi huanza na jingine: mikono yake itafanya nini huko? Ukishalijibu hilo, pa kwenda hupatikana, na mara nyingi si mbali, si ghali, wala hapana bango barabarani.

Nawazungumzia watoto wa kati ya miaka mitatu na minane. Umri huu haujui kutazama tu. Mpeleke wa miaka minne mbele ya kabati la kioo lenye majambia ya kale, anza kumsomea maelezo, na kabla hujafika mstari wa pili yuko sakafuni anahesabu vigae. Utamwita mtundu bure. Hajakosa adabu, amekosa shughuli. Huyohuyo akikabidhiwa kipande cha mti na msasa, fundi akamwambia "hapa bado panakwaruza, palainishe," atakaa hapo mpaka umwite kwa mara ya tatu kwenda kula.

Kazi ya mzazi, basi, ni kutafuta ndani ya kazi halisi ya mtu mzima kipande kinachomtosha mtoto. Neno "halisi" nimeliweka makusudi. Ziko warsha za watoto, hasa za kwenye hoteli na maduka makubwa, ambako karatasi zimeshakatwa, gundi imeshapakwa, na mtoto kazi yake ni kubandika jicho la kondoo palipochorwa duara. Chumba kizima wanatoka na kondoo pacha. Watoto hawalalamiki, kwa kuwa kuna juisi, lakini ukiuliza jioni wamefanya nini, watakusimulia juisi.

Kila kazi ya mikono ina hatua zake. Ziko za hatari, ziko zinazotaka ustadi wa miaka, na ziko za kurudiarudia ambazo fundi mwenyewe zimemchosha: kusugua, kukanda, kufunga, kuchambua, kuweka madoa. Hizo za mwisho ndizo karamu ya mtoto.

Chukua soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam. Watu wengi huingia pale kutafuta zawadi ya mgeni, wakabishana bei, wakaondoka. Lakini wachongaji wenyewe wapo, wameketi chini, tezo mkononi. Tezo na patasi si za mtoto, hilo halina mjadala. Msasa ni wake, na takataka zote za uchongaji zilizotapakaa chini ni zake, mwenyewe akiruhusu. Nenda na bakuli. Lijaze maji, mtoto aokote vipande vya miti mbalimbali, kisha kabla ya kutumbukiza kila kimoja akisie kama kitaelea au kitazama. Mninga utaelea. Mpingo utakwenda chini moja kwa moja, na hapo utaona uso wa mtoto unabadilika, maana mpaka siku hiyo alijua miti yote huelea. Mwoneshe pia jinsi kipande kimoja cha mpingo kinavyobeba rangi mbili, kiini cheusi na ukingo wa manjano hafifu, umwulize mchongaji atumie upande upi. Angalizo moja: vumbi la mpingo huwasha macho na pua, kwa hiyo mtoto anayesugua akae nje, upande upepo unakotoka.

Oysterbay, jirani na Morogoro Stores, wapo wachoraji wa Tingatinga, warithi wa Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru aliyeanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972. Yeye alitumia rangi za mafuta, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, na mtindo huo umebaki. Kwa mtoto rangi hizo ni tatizo. Hazitoki kwa maji. Hutolewa kwa mafuta ya taa au petroli, na ngozi ya mtoto si ya kusuguliwa petroli. Omba mapema itafutwe rangi ya maji, au nenda na yako. Kipande cha kazi kinachomfaa kiko wazi kwa yeyote aliyewahi kuitazama picha ya Tingatinga: ni madoa. Mchoraji achore umbo la chui, mtoto aweke madoa kwa kijiti cha pamba ya masikio. Chui wa mtoto wa miaka mitano huwa na madoa mpaka kwenye mboni za macho. Mwache.

Kwenye batiki ndipo ninapotaka wazazi wawe wakali. Ni kazi nzuri kupita kiasi kwa watoto, na vikundi vya akina mama wanaoifanya utavipata karibu kila mji, lakini rangi zinazotumika sana huyeyushwa kwa kostiki na haidrosalfaiti. Kostiki huunguza ngozi, na tone moja jichoni linaweza kumharibia mtoto macho. Nta ya moto nayo inajieleza yenyewe. Kwa hiyo mtoto hakaribii sufuria ya nta wala beseni la rangi, hata akiwa amevaa glovu, kwa sababu glovu za mtu mzima zinamvuka. Vipande vyake ni viwili. Cha kwanza ni kufunga: anakunja kitambaa, anatia kokoto au mbegu ndani, anakaza uzi au mpira wa nywele. Kisha mama wa batiki anachukua, anatumbukiza, anaanika, nanyi mnakaa mbali mkila miwa. Cha pili ni kufungua. Mwambie fundi mapema kwamba mafundo ya mtoto asiyafungue mtu mwingine, maana mafundi wana haraka na mkasi uko karibu. Kitambaa kikishasuuzwa vizuri mara kadhaa, mtoto akae chini afumue uzi mwenyewe, hata ikichukua muda. Duara linapojitokeza pale alipoficha kokoto, hakuna maelezo ya mzazi yanayohitajika.

Hukumu hiyohiyo itumie kwenye utengenezaji wa sabuni. Kule pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, vipo vikundi vya wanawake wanaotia mwani kwenye sabuni. Kuchanganya kostiki ni kwa wakubwa peke yao. Kusaga mwani mkavu, kunusa mafuta na kuchagua lipi litumike, kupigia muhuri miche iliyokwisha komaa na kuifunga kwenye karatasi, hayo mtoto anaweza.

Udongo hauna masharti mengi namna hiyo. Mfinyanzi yeyote anayeuza vyungu vya maua kando ya barabara ana tope, na tope ndilo mtoto alilolitaka tangu asubuhi. Aanze kwa kukanda na kutoa vijiwe. Akitengeneza kikombe, mfinyanzi ahakikishe hakina unene wa kupita kidole, kwa kuwa chombo kinene hubaki na unyevu ndani na hupasuka motoni, pengine kikapasua na cha jirani. Jambo la kumweleza mtoto mkiwa bado nyumbani ni kwamba leo harudi na kitu. Chombo kitakauka kivulini siku kadhaa, ndipo kichomwe. Asipoambiwa mapema, njia nzima ya kurudi itakuwa kilio.

Kijiji cha Makumbusho, kwenye Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, ni jumba la makumbusho la kipekee kwa umri huu kwa kuwa halina kabati la kioo mlangoni. Kilianzishwa mwaka 1966, na nyumba za jamii mbalimbali za Tanzania zimejengwa pale kwa ukubwa wake halisi. Mtoto anainama mlangoni, anaingia, anakuta giza na ubaridi, anatoka. Usijaribu kuzimaliza zote; tatu zinatosha. Badala ya kusoma vibao, mpe la kutafuta: mlango mfupi kuliko yote uko wapi, ukuta upi umesukwa kwa fito, paa lipi linafika chini. Kazi ya mikono yenyewe mtaifanya nyumbani kesho yake. Chimbeni udongo, mtie maji, watoto waukanyage kwa miguu, mkandike kiukuta cha vijiti chenye urefu wa goti. Fyatueni na matofali mawili madogo, moja la udongo mtupu na jingine lililochanganywa na nyasi kavu, myaweke juani. Lile la nyasi hupata nyufa chache, na mtoto aliyelifyatua ndiye atakayewaeleza wageni kwa nini.

Sasa habari ya kuongea na fundi, ambayo wengi huiruka. Nenda peke yako kwanza, siku ya kazi, bila mtoto. Amkia. "Shikamoo mzee, nina mjukuu wako wa miaka mitano, anapenda sana kushika vitu. Naomba nimlete Jumamosi akae nawe kidogo." Kisha taja malipo kabla hajataja yeye. Saa moja ya fundi kukaa na mwanao ni saa ambayo hachongi wala hauzi, na kumwachia "soda" mwishoni wakati umepewa darasa zima ni dharau, hata kama atapokea kwa tabasamu. Patana kiasi cha saa, na gharama ya vifaa iwe mbali. Ukiwa pale, angalia choo kiko wapi na kikoje, kivuli kipo mpaka saa ngapi, maji ya kunawa yanatoka wapi, na siku mtakayokuja fundi atakuwa kwenye hatua gani ya kazi. Hakuna faida kufika kwa mfinyanzi siku aliyoishiwa udongo. Omba ruhusa ya picha siku hiyohiyo. Na mtoto naye afundishwe kuamkia kabla ya kugusa chochote. Babu aliyeamkiwa vizuri na kitoto hutoa vitu ambavyo mzazi hata angelipa asingevipata.

Asiyetaka fundi wala mapatano ana bahari. Lakini watu wa Dar es Salaam tumezoea kwenda ufukweni mchana maji yamejaa, watoto wakaruka mawimbi, tukala mishikaki, tukarudi. Mimi nasema nendeni maji yakiwa yamekupwa. Bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji huenda mbali kabisa, na kwenye pwani ya Dar es Salaam na Unguja kupwa kwa asubuhi huwa kwenye saa nne hivi. Siku za maji mafu hayaendi mbali, kwa hiyo usijisumbue. Tazama mwezi, au mwulize mvuvi, ufike saa tatu wakati maji bado yanatoka, na yakianza kurudi nanyi mrudi. Mikondo hujaa nyuma ya mtu huku mbele bado pakavu.

Vifaa ni ndoo moja nyeupe na raba kuukuu miguuni. Kila mtoto akubali sheria tatu kabla hajavua fulana. Jiwe lililogeuzwa kuangalia chini yake hurudishwa lilivyokuwa, maana chini yake ni nyumba ya mtu. Kiumbe kilichotiwa ndooni, awe kaa au kiti cha pweza, hukaa dakika chache tu kwenye maji ya bahari, kivulini, kisha hurudishwa kwenye dimbwi lake. Na konokono mwenye gamba la umbo la pia, pana huku, limechongoka kule, hashikwi kabisa hata akionekana mfu. Wanapendeza kwa nakshi, na baadhi yao wana mwiba wa sumu inayoweza kuua mtu mzima. Hapo mzazi usicheze. Viumbe vyeusi vya miiba mirefu vinaonekana kwa urahisi, raba zitasaidia, lakini asikanyage asipopaona.

Kwa walioko Unguja, au wanaovuka kwa boti, mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi yamezoea wageni wa nje, na ziara yao imepangwa kwa ajili ya kamera. Familia inayozungumza Kiswahili inaweza kupata kitu kingine ikiomba. Mwambie anayewatembeza asitaje jina la mti. Awape watoto jani, wafikiche, wanuse, wabahatishe. Iliki ni hazina ya watoto wafupi, kwa kuwa tunda lake liko chini kabisa, karibu na ardhi, mahali ambapo mtu mzima lazima apige magoti. Mdalasini una mchezo wake: gome lina harufu ya chai ya nyumbani, mzizi una harufu ya kafuri, ya dawa ya kifua. Tunda la mzingifuri likipasuliwa lina mbegu nyekundu zinazopaka. Hapo utapoteza nguo moja, na ni halali. Wapo pia vijana mashambani wanaosuka kofia kwa majani ya mnazi. Usinunue iliyokwisha sukwa. Mlipe kijana yule bei ya kofia, lakini asuke polepole na mtoto amshikie majani.

Kuhusu siku yenyewe sina mengi. Tokeni mapema, kabla ya jua na kabla ya foleni. Kama mtoto ana madrasa Jumamosi na Jumapili asubuhi, mwombeeni ruhusa kwa ustadhi mapema badala ya kumtorosha. Kanisani ni hivyohivyo. Nguo ya kuchafua, nguo ya kurudia, dumu la maji na kipande cha sabuni, viazi vya kuchemsha au mihogo badala ya peremende. Kazi moja kwa siku moja. Akichoka, mmemaliza, hata kama mmelipia zaidi. Walio chini ya miaka mitatu waende, lakini wao kazi yao ni tope na ndoo, usiwatafutie nyingine. Na watoto wasizidi wanne kwa fundi mmoja, la sivyo atageuka mwalimu wa zamu.

Maonyesho ya Nane Nane ni mazuri kwa watoto ukiyaingia kwa akili. Kuna vitalu vya mboga, mabwawa ya samaki, sungura, mizinga, na wataalamu ambao siku nzima wanaongea na watu wazima na wangefurahi kuulizwa na mtoto nyuki anakunywa nini. Nenda siku za mwanzo, si tarehe 8 yenyewe, na umwandikie mtoto namba yako ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika.

Limebaki gumu kuliko yote, na ni la mikono yako wewe. Mtoto anafunga fundo la batiki, limelegea. Unaona litafumuka majini. Vidole vinakuwasha. Baba mmoja kati ya wawili hapo atasema "lete nikusaidie," akafunga yeye, na tangu dakika hiyo kitambaa si cha mtoto. Wamama tuna mtindo wetu: hatushiki, tunaelekeza kila sekunde, ambayo ni kushika kwa mdomo. Fundo likifumuka majini, rangi itaingia pasipotakiwa, na mtoto atauliza. Hapo fundi atajibu, na jibu la fundi litakaa kichwani kuliko la mama. Ukiona huwezi kujizuia, omba kazi yako mwenyewe. Keti pembeni, nawe ukande udongo, ufunge kitambaa chako, uharibu chako. Watoto hupenda sana kumwona mama yao anashindwa kitu.

Usisifu sana pia. "Waaa, kizuri!" kila baada ya dakika humfanya mtoto ainue macho kutafuta sifa badala ya kuinamia kazi. Uliza tu: hapa umefanyaje?

Na yuko atakayekataa. Atafika, atauona udongo, atasema ni kinyesi, ataficha mikono mgongoni. Usimlazimishe na usimwaibishe mbele ya fundi. Mpe kijiti ashike badala ya kidole, au mpe kazi kavu: kuhesabu vyungu, kupeleka maji. Wengi hujisogeza wenyewe pale wasipotazamwa. Asiyesogea, basi leo alikuja kutazama, na hilo nalo litavumilika mara mojamoja.

Mkirudi nyumbani, kitu alichotengeneza kitumike. Kikombe kilichopinda kishikie chumvi, kitambaa kifunike mkate. Kikipelekwa juu ya kabati na kupigwa picha, kimekufa.

Halafu rudini kwa fundi yuleyule. Wazazi hupenda kubadili mahali kila mara wakidhani mtoto atachoka, kumbe mtoto wa umri huu hupenda kurudi, na mara ya pili ndipo fundi humwita kwa jina na kumpa kipande kikubwa zaidi cha kazi. Kwa hiyo kabla hamjaaga siku ya kwanza, mwulize mfinyanzi anachoma lini. Akisema Alhamisi, omba kazini ruhusa ya nusu siku ukiweza, mfike moto ukiwa umeshazimwa na vyungu vimepoa kiasi cha kushikika, ili mtoto akitafute chake mwenyewe kwenye majivu.